UZI: Kwa nini Waingereza walishindwa kuichunga Tirpitz kila siku kule Altafjord?

#1 Nahodha wa Bara

Salaam wakuu.

Nina hoja nataka tuipime. Tirpitz, manowari ya Ujerumani yenye urefu wa mita 251 na mizinga 8 ya sentimita 38, iliingia Norway Januari 1942 na haikutoka tena mpaka ilipozamishwa tarehe 12 Novemba 1944. Karibu miaka mitatu. Ilitoka nanga mara chache mno, lakini kila msafara wa meli za mizigo uliokwenda Murmansk au Arkhangelsk ulipangwa kwa kuihofia. Waingereza walizuia meli zao kubwa nyumbani kwa ajili ya meli moja tu.

Ninavyoona, Tirpitz haikulindwa na mizinga wala nyavu za kuzuia topido. Ililindwa na umbali. Ilipokuwa karibu na Trondheim, ndege ya picha iliweza kuruka kutoka Wick, kaskazini mwa Scotland, takriban km 900 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Machi 1943 ikahamia Kåfjord, mkono wa ndani kabisa wa Altafjord, nyuzi 70 kaskazini. Hapo hata ukianzia Shetland ni kama km 1,600 kwenda tu. Spitfire ya picha haikuweza kwenda, kuzunguka na kurudi.

Swali langu: ni umbali peke yake, au wapangaji wenyewe walizembea?

#2 Kipanga

Umbali ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni mawingu. Soma habari za Bismarck, manowari nyingine kubwa ya Ujerumani, Mei 1941. Tarehe 21 rubani Michael Suckling aliruka kutoka Wick na Spitfire isiyo na bunduki hata moja, akaipiga picha Bismarck na meli mwenzake Prinz Eugen kwenye fjodi (mikono myembamba ya bahari kati ya milima) za Bergen, Norway. Kazi safi. Kesho yake mawingu yakashuka mpaka karibu na maji. Hakuna picha ya juu ingeonyesha kitu.

Kilichookoa ni ndege ya Maryland kutoka Hatston, visiwa vya Orkney, yenye wanamaji waliokubali kuruka chini kabisa juu ya mawimbi hadi Bergen. Wakakuta fjodi tupu. Kwa taarifa hiyo Admirali Tovey, kamanda wa meli za kivita za Uingereza kule kaskazini, akatoa meli zake baharini usiku uleule. Bergen ilikuwa karibu tu na bado nusura waipoteze. Sasa hamishia hali hiyo Altafjord.

#3 Msomi wa Usiku

Naweka kambi hapa. Endeleeni wakuu.

#4 Dada Ramani

Nimefanya kazi ya kusoma picha za anga kwa ajili ya upimaji ardhi, kwa hiyo ngoja niseme upande ambao watu husahau. Kuifikisha ndege juu ya fjodi bado si kuiona meli.

Ndege iko mita 9,100 juu. Kamera ina lenzi ya sentimita 91. Gawanya, unapata skeli ya 1 kwa 10,000. Tirpitz nzima, mita zake 251, kwenye filamu ni sentimita 2.5. Ukiwa na lenzi fupi ya sentimita 51, inabaki sentimita 1.4. Sasa Wajerumani wameitia meli ubavuni mwa mlima na kuifunika kwa nyavu na matawi ya miti, na kivuli cha mlima kimeilalia. Hapo ndipo kazi ya Medmenham ilipoanza, ile nyumba kubwa kando ya mto Thames ambako wasomaji wa picha, wanawake wengi sana miongoni mwao, walikaa na stereoskopu wakitazama picha mbili za sehemu moja kwa pamoja ili vitu vinyanyuke.

Kwa sababu hiyo picha zilipigwa zikipishana, kila moja ikirudia kama asilimia 60 ya iliyotangulia. Rubani ilimpasa aende mstari ulionyooka bila kuyumba, mwinuko uleule, huku akijua anatazamwa kutoka chini. Hata mimi ambaye picha zangu hupigwa mchana kweupe bila mtu wa kunilenga, nikipewa msururu uliopinda huwa naurudisha.

Kwa hiyo #1, "kuichunga kila siku" ilitaka ndege, jua, anga safi, mstari ulionyooka, chumba cha kusafishia filamu na macho ya kusoma. Kimoja kikikosekana, siku hiyo imepotea.

#5 Nahodha wa Bara

Dada Ramani, asante, umeniongezea kitu. Lakini bado unanipa sababu za kushindwa siku moja moja. Mimi nauliza miezi.

#6 Rubani wa Cessna

Nahodha, miezi ndiyo hiyo hiyo. Chukua jua. Nimepiga hesabu ya urefu wa jua saa sita mchana kule nyuzi 70:

Mwanzoni mwa Aprili, nyuzi kama 25 juu ya upeo. Inafaa.
Mwisho wa Oktoba, nyuzi 6 na ushei. Milima inameza fjodi zote.
Kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari, jua halichomozi kabisa.

Kiangazi kinyume chake, jua halizami. Mwanga upo, lakini rubani hana giza la kujifichia, na moshi mweupe wa barafu nyuma ya injini unaonekana kutoka mbali. Walilazimika kutafuta mwinuko ambao mstari ule haujitokezi, na wakaruka chini yake kidogo.

Halafu dira. Kadiri unavyokaribia ncha ya sumaku, nguvu ya kuivuta sindano kwenye usawa inapungua, na mistari ya longitudo inabanana hivyo kwamba mwelekeo wako unabadilika hata ukienda moja kwa moja. Rubani wa Spitfire yuko peke yake, ramani gotini, saa mkononi. Upepo ukitofautiana na utabiri kwa km 40 kwa saa, baada ya saa mbili yuko km 80 nje ya njia, na chini yake ni bahari ambayo mtu akiangukia anabakiwa na dakika chache. Mimi huruka ndege ndogo juu ya nchi kavu, nina setilaiti inayoniambia nilipo, na bado upepo wa kando hunisumbua. Siwezi kuwaita wale watu wazembe.

#7 Mzee wa Kipevu

Wajukuu, mnanifurahisha. Lakini mmesahau ndege yenyewe ya bahari ya mbali: Catalina. Ile inayotua majini, injini mbili juu ya bawa, inakaa angani zaidi ya saa 20. Kikosi cha 210 kiliruka nazo kutoka Sullom Voe, Shetland, hadi Spitsbergen na ukingo wa barafu.

Na Catalina ndiyo iliyoipata tena Bismarck asubuhi ya 26 Mei 1941 baada ya meli kubwa kupotezana nayo. Ilikuwa ya kikosi cha 209, iliyoruka kutoka Lough Erne, Ireland ya Kaskazini. Kikosi hichohicho kililetwa kwetu mwaka 1942, kikakaa Kipevu, Mombasa, kikitafuta nyambizi Bahari ya Hindi. Marehemu baba alikuwa kibarua kwenye mashua za mafuta pale Kipevu. Alikuwa akisema ndege ile ilikunywa mafuta asubuhi nzima kabla haijaondoka.

#8 Binti Likoni

Shikamoo mzee. Yaani ndege za kikosi kilichoipata Bismarck zilielea hapa Kilindini? Nimezaliwa hapa, sijawahi kuambiwa.

#9 Mzee wa Kipevu

Marahaba mwanangu. Kikosi kilekile. Kuhusu ndege zenyewe siwezi kuapa, vikosi vilibadilishiwa ndege kila mara.

#10 Kipanga

Mzee, heshima yako, lakini Catalina haikuwa jibu la Altafjord. Ina mwendo wa polepole, km 200 kwa saa hivi ikiwa doria. Ukiipeleka ndani ya fjodi yenye mizinga ya kutungulia na viwanja vya Bardufoss na Banak jirani, hairudi. Kazi yake ilikuwa nje baharini: kupita huku na huku mbele ya Rasi ya Kaskazini ili meli ikitoka ionekane. Hizo ni kazi mbili tofauti za upelelezi. Moja ni kutazama kitanda kama mgonjwa yupo, nyingine ni kulinda mlango.

#11 Dada Ramani

Umesema vizuri. Naongeza kazi ya tatu: kutazama barafu. Kiangazi barafu hurudi kaskazini, msafara unaweza kupita mbali na Norway, ila mwanga haukatiki. Baridi barafu inasukuma njia kusini, karibu na viwanja vya Wajerumani, ila giza linawafunika. Aliyepanga njia ya msafara alihitaji kujua ukingo wa barafu uko wapi wiki hiyo, na hakuna aliyeweza kumwambia ila mtu aliyeruka mpaka huko.

#12 Mchambuzi Huru

Jamani, mbona hamtaji PQ 17, ule msafara wa meli za mizigo uliokwenda Urusi? Hapo ndipo hoja ya #1 inapopata damu.

Tarehe 3 Julai 1942 iligundulika Tirpitz haipo tena kwenye maegesho yake karibu na Trondheim. Imekwenda wapi? Ilikuwa Altafjord, ila picha ya kuthibitisha hivyo haikuwepo. Jioni ya tarehe 4, Admirali Dudley Pound, mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, akaamuru msafara utawanyike, akiamini meli inaweza kuufikia wakati wowote. Norman Denning, ofisa wake wa taarifa za siri, aliona dalili zote zinaonyesha haijatoka. Hakusikilizwa. Kwa jumla meli 24 za msafara zilizamishwa na ndege na nyambizi, nyingi mojamoja, bila ulinzi. Tirpitz yenyewe ilitoka tarehe 5 mchana na kugeuza jioni bila kufyatua hata risasi.

Picha moja ya Altafjord tarehe 4 Julai ingebadilisha kila kitu. Kwangu mimi huo ni uzembe wa kupanga. Julai kuna mwanga saa 24, kwa hiyo #6 hesabu zako za jua hazihusiki hapo.

#13 Rubani wa Cessna

Mwanga upo, ukungu je? Ule ni msimu wa ukungu kule baharini.

#14 Mchambuzi Huru

Ukungu hauzuii kila siku. Tarehe 5 hiyohiyo Tirpitz ilionekana na nyambizi ya Warusi K-21, nyambizi ya Waingereza Unshaken na ndege ya Catalina. Watazamaji watatu siku moja. Macho yalikuwepo, yalichelewa siku moja.

#15 Nahodha wa Bara

Hapo sasa. Walichelewa kwa sababu hawakuwa na kiwanja cha karibu. Na kiwanja kilikuwepo! Vaenga, jirani na Murmansk, siku hizi panaitwa Severomorsk. Kutoka hapo hadi Altafjord ni kama km 400. Spitfire inakwenda na kurudi na mafuta yanabaki.

#16 Kaka wa Mwanza

Vaenga ilikuwa ya Stalin, mkuu. Hukodishi kama nyumba ya wageni.

#17 Dada Ramani

Kaka wa Mwanza amefupisha vizuri. Lakini walifika. Septemba 1942, kwa ajili ya msafara wa PQ 18, walipeleka Hampden 32 za kubeba topido, Catalina, na Spitfire chache za picha. Hampden kadhaa zilipotea njiani kabla ya kufika, nyingine zikiwa zimeishiwa mafuta. Septemba 1943 Spitfire za picha zikarudi Vaenga, na picha zao ndizo zilizotumika kuwaandaa mabaharia wa nyambizi ndogo zilizoingia Kåfjord tarehe 22 Septemba na kulipua chini ya Tirpitz. Machi 1944 tena, kabla ya shambulio la tarehe 3 Aprili la ndege zilizoruka kutoka meli za kubeba ndege.

Mnaona mtindo? Kila mara walikwenda kwa shambulio maalumu, wakimaliza wanaondoka. Hakukuwa na kikosi cha kudumu. Kila safari ilihitaji kibali cha Moscow, na vifaa vyote, mpaka dawa za kusafishia filamu, vilipaswa kupelekwa kwa meli kupitia njia ileile ya hatari.

#18 Kipanga

Na Vaenga yenyewe ilipigwa mabomu mara kwa mara, Wajerumani walikuwa Petsamo, hatua chache tu. Ndege za picha zikilipuliwa chini hazina faida.

#19 Mswahili wa Tromsø

Nawasalimu kutoka kaskazini kwenyewe, naishi huku kwa ajili ya kazi. Mmezungumzia ndege kurasa mbili, na watu wa huku hamjawataja.

Kåfjord ilikuwa na macho ya kila siku, si ya ndege. Torstein Raaby, kijana wa Norway, alikaa Alta na redio ya siri, akituma taarifa za Tirpitz London kabla ya shambulio la Aprili 1944. Ndiye yuleyule aliyekuja kuvuka Pasifiki na chelezo cha Kon-Tiki mwaka 1947. Hapa Tromsø kulikuwa na Egil Lindberg naye na redio yake. Hawa walituma habari chini ya pua za Wajerumani, wakati mawingu yamefunga na giza halijaondoka. Wakikamatwa ni kifo.

Kwa hiyo jibu langu kwa #1: wapangaji hawakuhitaji ndege kila siku, kwa sababu walikuwa na Wanorway.

#20 Mchambuzi Huru

Julai 1942 Raaby hakuwa Alta. Heshima kwake, ila usimtumie kufunika shimo la PQ 17.

#21 Mswahili wa Tromsø

Sifuniki. Uzi unauliza kuhusu Kåfjord, na meli ilihamia huko 1943. Wewe ndiye uliyerudi nyuma.

#22 Mtaalamu wa Namba

Wote mnazunguka. Jibu linaitwa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja misimbo ya siri. Waingereza walikuwa wanasoma redio za jeshi la majini la Ujerumani. Mara nyingi ndege ilipelekwa mahali ambapo tayari walikuwa na fununu kuna nini, na ndege hiyohiyo ikawapa kisingizio ili Mjerumani asijue msimbo wake umevunjwa. Ukitazama orodha ya safari za ndege peke yake utaona mapengo makubwa na kudhani ni uzembe, kumbe habari zilikuwa zinaingia kwa mlango mwingine.

#23 Mchambuzi Huru

Na ndiyo maana Pound alikosa uhakika! Msimbo ulisomwa kwa kuchelewa, saa au siku kadhaa kutegemea mipangilio ilivyobadilishwa. Na redio hukwambia meli imeamriwa nini. Meli iliyonyamaza nangani na meli iliyonyamaza ikiwa baharini, kwa redio zote ni kimya. Denning alisoma kimya hicho kuwa meli haijatoka, Pound akataka ushahidi wa macho. Ushahidi huo ungeletwa na ndege tu.

#24 Kipanga

Hapo nakubaliana nawe kabisa, na ni mara ya kwanza tangu tujuane jukwaani.

#25 Mwana wa Mafia

Naomba kuingiza la nyumbani. Vita ya Kwanza, meli ya Kijerumani Königsberg ilijificha delta ya Rufiji kuanzia mwisho wa 1914. Mikoko ikaifunika, meli za Waingereza hazikuweza kuingia. Walileta ndege kutoka Durban, rubani Dennis Cutler, akaruka kutoka kisiwa cha Nyororo na kuiona. Baadaye wakajenga kiwanja Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 ndege zikaongoza mizinga ya meli za Waingereza Severn na Mersey kwa redio mpaka Königsberg ikaisha. Ndege ile ilitunguliwa, na bado mtu wake aliendelea kutuma marekebisho ya shabaha wakati inaanguka.

Kwa hiyo mtindo wote mnaoujadili, wa kutafuta kiwanja cha karibu kwanza kisha ndege, ulianza Mafia. Huku shida ilikuwa joto, ndege za mwanzo zilishindwa kupanda.

#26 Binti Likoni

Na mzinga mmoja wa Königsberg upo Fort Jesus mpaka leo. Watoto wanaupanda.

#27 Kaka wa Mwanza

Tumeshaondoka Aktiki tumefika Rufiji. Kesho tutakuwa Ziwa Tanganyika.

#28 Nahodha wa Bara

Mwache, hoja yake ina uzito. Mafia kwa Rufiji ni sawasawa na Vaenga kwa Altafjord. Tofauti ni kwamba Mafia ilikuwa mkononi mwao.

#29 Rubani wa Cessna

Nirudi kaskazini. Mwisho wa Tirpitz unathibitisha hoja ya umbali kuliko tulivyosema. Tarehe 15 Septemba 1944 Lancaster, ndege kubwa za mabomu za Waingereza, ziliishambulia zikiruka kutoka Yagodnik, kisiwa cha mto Dvina karibu na Arkhangelsk. Mosquito moja ya picha ilitangulia asubuhi ile kutazama kama anga iko wazi, ndipo zikaruhusiwa. Bomu moja zito sana liitwalo Tallboy likapasua pua ya meli. Siku chache baadaye Mosquito ikaleta picha za uharibifu.

Tarehe 15 Oktoba Wajerumani wakaihamisha mpaka Håkøya, hapo Tromsø kwa ndugu yetu. Kusini kiasi kile kikatosha. Lancaster zilizoongezwa matangi na kupunguzwa uzito zikaweza kuruka kutoka Lossiemouth, Scotland, bila kuomba kibali cha mtu. Tarehe 29 Oktoba mawingu yakaificha dakika za mwisho. Tarehe 12 Novemba anga ikawa wazi, na ikapinduka. Jua la saa sita siku hiyo halikufika nyuzi 3, na wiki mbili baadaye lisingechomoza. Walikuwa wanakimbizana na kalenda.

#30 Mswahili wa Tromsø

Mashimo ya mabomu bado yanaonekana Håkøya, nimeyaona. Na Kåfjord kuna jambo ambalo wengi hawalijui: watafiti wa Mainz, Ujerumani, walipima pete za misonobari ya huko, wakakuta baadhi ya miti haina pete ya 1945. Moshi wa kemikali ambao Wajerumani waliufukiza kuificha Tirpitz uliua sindano za miti, ikasimama kukua.

#31 Dada Ramani

Hilo ni kubwa sana kwangu. Moshi ule ulikuwa adui wa kamera. Katika mashambulio ya Julai na Agosti 1944 marubani walifika wakakuta fjodi imejaa moshi, wakatupa mabomu kwa kukisia. Kwa hiyo #1 hata ungekuwa na kiwanja jirani na ndege kila asubuhi, mitambo ya moshi ingewashwa mara tu injini zinaposikika.

#32 Nahodha wa Bara

Moshi ni wa kuzuia shambulio, dada. Ndege moja iliyo mita 9,000 juu inapiga na kuondoka kabla fjodi haijajaa. Na mitambo ya moshi haiwezi kufuka kila siku kwa kila ndege moja.

#33 Dada Ramani

Inategemea wameiona saa ngapi. Walikuwa na mlinzi juu ya mlima.

#34 Mtaalamu wa Namba

Mchambuzi Huru, nakurudisha kwenye #23. Unasema ndege ingempa Pound uhakika tarehe 4 Julai. Picha inapigwa saa nane mchana, ndege inarudi Scotland au inatua Urusi, filamu isafishwe, isomwe, ujumbe ufike London. Suckling mwaka 1941 alipewa picha azipeleke London mwenyewe, mafuta yakamwishia karibu na Nottingham, akamalizia kwa gari usiku, gizani. Na hiyo ni ndani ya Uingereza! Mpaka picha ya Altafjord isomwe, meli ingekuwa na saa ngapi za kutoka?

#35 Mchambuzi Huru

Rubani ana macho, na akitua kiwanja chochote anasema "ipo". Ujumbe wa neno moja hausubiri filamu. Niambie wewe: kwa nini Spitfire za picha zilifika Vaenga Septemba 1942 na si Juni?